Ubeberu uliiangushaje nasaba ya Qing?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Tunafundishwa kwamba mabeberu ndio walioiangusha nasaba ya Qing nchini China. Lakini Vita vya Kwanza vya Afyuni viliisha 1842, na nasaba ikaanguka 1912, tena ikiasiwa na askari wake yenyewe. Ubeberu unaingiaje hapo?

Jibu: Marahaba. Wengi huorodhesha vita na mikataba bila kueleza kushindwa vitani kuligeukaje kuwa kuanguka kwa dola. Ukitaka kuliona hilo, fuata fedha za serikali.

Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza vita hivyo kati ya China na Uingereza, uliinyang'anya China kisiwa cha Hong Kong na kufungua bandari tano kwa wafanyabiashara wa kigeni. Fidia yake, dola milioni 21 za fedha, ililipika. Kilichoumiza zaidi ni kwamba China ilipoteza haki ya kujipangia ushuru wa forodha, ukabaki karibu asilimia 5 kwa miongo mingi. Tangu 1863 idara ya forodha iliongozwa na Robert Hart, raia wa Uingereza aliyeajiriwa na Qing. Aliiendesha vizuri, mapato yakapanda, na mapato ya uhakika namna hiyo ndiyo wakopeshaji wanayoyataka kama rehani.

Usisahau uasi wa Taiping wa 1850 hadi 1864, ulioua mamilioni ya watu. Ili kuuzima, Beijing iliwaachia wakuu wa majimbo waunde majeshi na watoze kodi zao. Huo ulikuwa ufa wa ndani, na ukiuacha jibu lako litakuwa nusu.

Pigo lenyewe lilikuja 1895. Japani iliishinda China na kudai taeli milioni 200 za fedha (taeli ni kipimo cha Kichina cha uzito wa madini ya fedha), kisha milioni 30 zaidi kwa kuirudisha rasi ya Liaodong, wakati mapato ya serikali kuu kwa mwaka hayakufika milioni 100. Qing ikakopa kwa mabenki ya Urusi, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani, forodha ikiwa rehani. Baada ya uasi wa Mabondia, Wachina waliowashambulia wageni, itifaki ya 1901 iliongeza taeli milioni 450, za kulipwa kwa miaka 39 kwa riba ya asilimia 4. Pamoja na riba, deni lilipita milioni 980. Majimbo yakagawiwa mzigo huo, nayo yakamtwisha mkulima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ya kawaida. Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yaliiteka Beijing, na Cixi, mama mtawala aliyeshika madaraka, akakimbilia mji wa Xi'an. Wangeweza kuing'oa nasaba, lakini waliiacha irudi madarakani. Walihitaji serikali yenye nguvu ya kukusanya kodi na kulipa. Machoni pa Wachina wengi, Qing ikawa wakala wa wadai wake.

Sasa tazama jimbo la Sichuan. Wenyeji walikuwa wakichangia reli yao kwa hisa na makato ya mavuno. Mei 1911 serikali ilizitaifisha njia kuu za reli, na siku chache baadaye ikasaini mkopo na mabenki ya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Watu wakaona jasho lao linakabidhiwa kwa wageni. Septemba, waandamanaji walipigwa risasi Chengdu. Sehemu ya vikosi vya jimbo la Hubei ikapelekwa kutuliza Sichuan, na tarehe 10 Oktoba askari waliobaki Wuchang, mji wa Hubei, wakaasi. Hao walikuwa wa Jeshi Jipya, lililoundwa ili nchi isishindwe tena na wageni. Puyi, mfalme mtoto wa miaka sita, alijiuzulu 12 Februari 1912.

Kwa hiyo kwenye mtihani, jenga hoja yako juu ya 1895, 1901 na Sichuan, na ueleze deni lilivyoikosanisha serikali na watu wake. Ukipata nafasi, ongeza kwamba Jamhuri iliyofuata ililirithi deni hilo, na kwamba tangu mapinduzi hayo mapato ya forodha yaliwekwa kwenye mabenki ya kigeni ili wadai walipwe kwanza.