Kumbe maharage yana damu: nilivyoacha kumeza Baiolojia

Kidato cha pili nilipata 19 kati ya 100 kwenye jaribio la Baiolojia, na hiyo ni baada ya kukesha. Mzunguko wa naitrojeni nilikuwa nimeuchora daftarini kwa kalamu za rangi nne na kuumeza wote, hadi nikawa najua doa la chai liko upande gani wa ukurasa. Mwalimu naye akaja na lake: mkulima amepanda mahindi miaka mitano mfululizo, yanazidi kudumaa, mwaka wa sita akapanda maharage, wa saba akarudia mahindi, yakastawi. Eleza kwa nini. Nikachora duara langu, mishale yote mahali pake. Nikapewa sifuri. Kwenye daftari langu hapakuwa na mkulima.

Leo nafundisha twisheni hapa Mwanza, na kila Januari wanakuja watoto wenye ugonjwa uleule. Ninachowaambia ni kimoja: chagua mahali unapopajua kwa miguu yako, iwe shamba la mama, mwalo au bwawa la nyuma ya shule, na kila mada ya ikolojia na uainishaji uipeleke hapo kabla hujalifungua daftari.

Anza na jembe. Maharage yakitoa maua, chimba mche mmoja pamoja na udongo wake. Usiung'oe kwa kuvuta, utakiacha ardhini kile ulichokifuata. Suuza mizizi taratibu kwenye ndoo. Utaona vinundu vimeishikilia, vingine kama punje ya ulezi, vingine vinakaribia kichwa cha kiberiti. Kipasue kimoja kwa wembe. Kama kinafanya kazi, ndani ni chekundu chekundu kama nyama mbichi. Mwaka juzi binti mmoja wa kidato cha tatu aliinua kichwa akaniambia, "Mwalimu, kumbe maharage yana damu!" Hakukosea sana. Rangi ile inatoka kwenye protini iliyo ndugu na ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, na mle ndani inaidhibiti oksijeni isiwaharibie bakteria kazi. Kinundu cheupe au cha kijani, ama bado kichanga ama kimeshachoka.

Hapo sasa lile duara linaanza kuzungumza. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mahindi yanaweza kufa njaa yakiwa yamezungukwa nayo, maana hayawezi kuitumia ikiwa gesi. Bakteria wa jenasi Rhizobium walio ndani ya vinundu wanaigeuza kuwa amonia, na maharage yanawalipa sukari. Mizizi na majani yakioza, bakteria wengine wa udongoni wanaendeleza kazi hadi inakuwa naitreti, na hiyo ndiyo mahindi ya mwaka wa saba yaliyoikuta mezani. Shamba likituamisha maji, wapo bakteria wa kuirudisha hewani. Nongwa yangu ndogo na lile swali: maharage ni mvivu wa kazi hii ukiyalinganisha na kunde au soya, na mkulima akiyang'oa yote akachoma mabua, udongo hubakiwa na kidogo sana. Liandike hilo kwenye jibu lako, msahihishaji atajua umewahi kuingia shambani.

Mishale nayo. Watoto wengi huichora kutoka kwa simba kwenda kwa swala, maana kichwani mwao simba ndiye anayekimbia. Kwenye mnyororo wa chakula mshale unasomeka "analiwa na", basi. Usome kwa sauti: mwani unaliwa na uduvi, uduvi analiwa na furu (samaki mdogo wa ziwani), furu analiwa na sangara, sangara analiwa na sisi. Ukisikia mwani unakula uduvi, umegeuza.

Kosa baya kuliko hilo ni kuchora nishati inarudi juani. Nimelisahihisha mara zisizohesabika. Naitrojeni, kaboni na fosforasi ni kama noti ya elfu kumi: leo iko kwa muuza samaki, kesho kwa kondakta, keshokutwa imerudi kwako imechakaa. Nishati ni kuni. Ukishapikia, zimekwisha, huwezi kuokota joto ukawashia tena. Kila hatua ya mnyororo hupitisha takriban sehemu ya kumi tu, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani kilo 1,000 za mwani zinajenga kilo 100 za uduvi, 10 za furu na 1 ya sangara.

Na huyo sangara ndiye somo zima la ikolojia. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Ziwa lilikuwa na mamia ya spishi za furu wasiopatikana kwingine duniani: wapo waliokula mwani, waliokula konokono, waliokula wadudu, hata waliokula samaki wenzao. Miaka ya 1980 wengi wakatoweka, sangara akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Bibi yangu alikuwa anaanika furu juani, siku mbili tatu kazi imekwisha. Sangara ana mafuta, jua halimkaushi, anataka moshi, na moshi unataka miti. Samaki kaingia majini, msitu wa nchi kavu ukaguswa. Mwanafunzi akiweza kunichorea mstari huo mmoja bila kusaidiwa, simuulizi tena maana ya mfumo ikolojia.

Uainishaji ninaufundishia sokoni. Nunua dagaa wa Mwanza wa mia tano na dagaa wa Kigoma wa mia tano. Bei peke yake itakuonyesha kuna jambo. Wapange kwenye karatasi. Dagaa wetu ni Rastrineobola argentea. Kisumu wanamwita omena, Uganda mukene. Wa Kigoma ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Sasa tumia ngazi za serikali unazozijua tangu darasa la nne: himaya ni nchi, faila mkoa, ngeli wilaya, oda tarafa, familia kata, jenasi kijiji, spishi kitongoji. Dagaa hawa wako nchi moja, mkoa mmoja, wilaya moja. Wanaachana kwenye tarafa. Wa Mwanza yuko oda moja na samaki aitwaye ningu, wa Kigoma oda moja na dagaa wa baharini wanaoanikwa Unguja. Kwa hiyo dagaa wa Kigoma ana undugu wa karibu na wa Unguja kuliko na huyu wetu, na jina la sokoni lisingekuambia hilo hata kwa kiapo. Carl Linnaeus wa Uswidi alilitafutia dawa tatizo hili: majina mawili ya Kilatini, mimea mwaka 1753, wanyama 1758.

Jenasi ianze na herufi kubwa, spishi ndogo, na ukiandika kwa mkono pigia mstari kila neno peke yake. Maksi zinapotea hapo kijinga. Pia usishtuke simu ikikupa jina tofauti na la kitabu. Gugumaji nililisoma kama Eichhornia crassipes, siku hizi wataalamu wamelihamishia Pontederia. Kwenye mtihani andika la kitabu.

Kuhusu Kiingereza cha mtihani: elewa kwanza kwa lugha unayogombania nayo na wadogo zako, halafu bandika majina ya Kiingereza juu ya kitu ulichokwisha kukiona. Kinundu ukishakipasua kwa wembe, jina lake halikutoki.

Maharage huanza maua kama wiki ya tano au ya sita baada ya kupandwa, kwa hiyo hesabu tangu siku ya kupanda. Nenda asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Na mwombe mwenye shamba kwanza. Mimi niliwahi kufukuzwa na mama mmoja na fimbo, wanafunzi saba nyuma yangu, kila mmoja na mche wake mkononi.