Mzee kaandikiwa thalidomaidi: usimzuie, ila ifungie kabatini

Ndugu mleta uzi, umeuliza kwa nini mzee wako mwenye saratani ya uboho, mailoma, kaandikiwa thalidomaidi, wakati jirani anasema ndiyo dawa iliyozalisha watoto wasio na mikono. Unataka kujua kama umwambie aache. Jirani hajakosea, na daktari naye hajakosea. Dawa hiyo imekaa nyumbani kwangu hapa Tabora karibu miaka miwili, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Mume wangu alianza na mgongo. Tulichua, tukachoma sindano, hadi siku alipokohoa tu ubavu ukavunjika. Mwanza ndiko walikotuambia ni mailoma. Akapewa kapsuli hiyo ya thalidomaidi ya kumeza kila usiku, deksamethasoni (dawa ya steroidi), na aspirini ili damu isigande mishipani. Daktari alitueleza vizuri mno. Shida ilikuja tulipoanza kununua dawa kwingine, sitapataja. Aliyekuwa dirishani alitupa boksi, akapokea hela, hakusema neno. Na maandishi yote ni Kiingereza.

Mkwe wangu alikuwa na mimba ya wiki kama sita, anatapika kutwa. Jioni moja naingia chumbani namkuta kasimama, kapsuli kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili. Alimsikia baba mkwe wake akisema akishaimeza hulala fofofo. Nilimkamata mkono kwa nguvu hadi kapsuli ikadondoka chini. Alilia akidhani namnyima dawa. Nikakaa naye kitandani nikamweleza, na mimi natetemeka.

Alichotaka kufanya yeye ndicho walichofanya akina mama wa Ujerumani Magharibi. Dawa iliingia madukani huko Oktoba 1957 kama dawa salama ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Inaondolewa Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengine viganja vimeotea begani. Kapsuli moja tu inatosha, hasa kati ya siku ya 34 na ya 50 tangu hedhi ya mwisho. Siku hizo wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba.

Sasa imerudije? Mwaka 1964, Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma aliyepata mlipuko wa vivimbe vyenye maumivu makali, halali wala hatulii. Akampa thalidomaidi apate usingizi tu. Mgonjwa akalala, na ndani ya siku chache ngozi ikaanza kupona. Marekani iliiidhinisha kwa tatizo hilo mwaka 1998.

Kwenye mailoma, aliyesukuma alikuwa mke wa mgonjwa, Beth Wolmer. Alitafuta kila mahali hadi akampata daktari mtafiti Judah Folkman wa Boston, Marekani, ambaye maabara yake ilikuwa imeonyesha kuwa thalidomaidi inazuia kuota kwa mishipa mipya ya damu, ile inayolisha saratani. Madaktari wa Arkansas wakakubali kujaribu. Mumewe haikumsaidia, akafariki. Lakini katika wagonjwa 84 waliotangazwa mwaka 1999, ambao wengi wao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, karibu theluthi moja walipata nafuu. Huyo mama namfikiria mara nyingi.

Usidhani dawa imesafishwa ubaya wake. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waligundua inanasa kwenye protini iitwayo serebloni, na kazi ya serebloni ni kuchagua protini zipi zivunjwe ndani ya seli. Kwa kunasa hapo inaua seli za mailoma, na kwa kunasa hapo hapo inavuruga mikono ya mtoto tumboni. Brazili, ambako iliendelea kutolewa kwa wagonjwa wa ukoma, watoto wenye ulemavu ule ule walizaliwa tena miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo mzee ameze. Ikiwa bado yuko na mama, atumie kondomu kila mara, maana dawa hupita kwenye shahawa. Asichangie damu. Akikosa choo, mpe mapapai na maji mengi. Miguu ikifa ganzi, mwambieni daktari mapema. Mume wangu kandambili zilikuwa zikimvuka njiani bila yeye kujua, na tulichelewa kusema, ganzi haikutoka tena. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikibana, wahini hospitali usiku huo huo.

Boksi nililihamishia kwenye sanduku la bati, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Alipofariki zilibaki kapsuli tisa. Nilizihesabu mbele ya mfamasia, nikamkabidhi, na nikasubiri hadi nilipoona amezifungia.