Ng'ombe wa Maziwa Nyanda za Baridi: Anza na Majani, Halafu Ndiyo Uchague Aina

Karibu kila anayetaka kuanza kufuga huku Njombe huniuliza: ni ng'ombe gani anavumilia baridi? Wote wanavumilia. Friesian asili yake ni Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, Ayrshire ni wa Scotland, Jersey katoka kisiwa kilichopo kati ya Uingereza na Ufaransa. Hakuna atakayeishangaa Julai yetu. Kule Kitulo, Makete, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, shamba la serikali limefuga Friesian miaka na miaka. Ng'ombe mzima akishiba, tumbo lake lenyewe linampasha joto. Kinachomtesa ni upepo, banda linalovuja na kulala kwenye tope.

Baridi inakupiga kwingine kabisa: kwenye majani. Umande ukiganda Juni au Julai, majani ya tembo yaliyokuwa mabichi jana unayakuta asubuhi yamebabuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Mvua nayo bado iko mbali. Kwa hiyo piga hesabu ya chakula kwa miezi hiyo, usiipige Machi shamba likiwa limestawi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ng'ombe wa maziwa hula chakula kikavu, yaani uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo, karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Jersey wa kilo 400 atataka kilo 12, Friesian wa kilo 600 atataka 18. Majani mabichi ya tembo sehemu kubwa ni maji, hivyo utakata kama kilo 60 kwa Jersey na 90 kwa Friesian. Kwa mzigo wa kichwani wa kilo 30, hiyo ni mizigo miwili au mitatu, kila siku, na Jumapili imo. Pumba na mashudu vinapunguza mzigo, ila vinanunuliwa.

Ndiyo maana mwenye ekari moja au mbili mimi humwelekeza kwa Jersey, au chotara wa Jersey na Friesian. Friesian mwenye njaa hukonda, huchelewa kupata joto la kutaka dume, na zile lita ulizosimuliwa huzioni. Mwenye eneo la kutosha na hei (majani yaliyokaushwa) iliyojaa stoo, huyo achukue Friesian bila wasiwasi. Ayrshire yuko katikati kwa umbo. Ukimpata mzuri, mchukue.

Jersey naye ana mambo yake. Maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5, lakini mnunuzi anayelipa kwa lita hakuongezei hata shilingi; utamu wake utauona ukitengeneza siagi au mtindi. Ndama dume wake hana bei. Tena akishazaa mara kadhaa, homa ya maziwa, yaani kupungukiwa kalsiamu akishazaa, humpata kirahisi. Dalili yake mojawapo ni masikio ya baridi, lakini asubuhi za huku masikio ya kila ng'ombe ni ya baridi, hivyo usiyategemee. Tazama kama anasimama. Akiwa amelala, kichwa kakigeuzia ubavuni, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, anahitaji kuwekewa kalsiamu.

Ndama ndiye wa kumwonea huruma kwa baridi, hasa wa Jersey anayezaliwa na kilo 25 hivi. Mkaushe kwa gunia, apate dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake) ndani ya saa 6 za mwanzo, mtandikie majani makavu mengi. Akilala ukawa bado unaiona miguu yake, ongeza.

Ukienda kununua mtamba (jike ambaye bado hajazaa), omba uonyeshwe mama yake akikamuliwa, jioni na asubuhi. Kisha ingia stoo ya mwenyeji uone analisha nini, na umuulize pumba anampa kilo ngapi. Akitaja kiasi usichokimudu kwako, punguza lita kwenye hesabu yako kabla hujataja bei.