Kutazama katuni za vita pamoja na watoto

Mzazi anayefikiria kuwaonyesha wanawe katuni za propaganda za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huhofia kwanza mabomu, ilhali kwa niliyoyaona nyumbani kwangu, sehemu inayohitaji uangalizi zaidi ni ile tamu. Chukua Momotarō: Umi no Shinpei, filamu ya Kijapani iliyoongozwa na Mitsuyo Seo, ikagharimiwa na jeshi la majini na kuonyeshwa Aprili 1945. Ina dakika 74, na mapigano yenyewe ni mafupi. Kwa muda mrefu tuko na wanyama wapole, ambao ndio wanamaji wa filamu hii, waliorudi kijijini likizo, na mbegu za maua zinazopeperuka hadi zikafanana na askari wanaoshuka kwa miavuli.

Waeleze kwanza kwamba Momotarō ni shujaa wa ngano, aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi, akaenda kuyashinda mazimwi yenye pembe kisiwani kwao. Watoto wa Kijapani waliijua hadithi hiyo tangu utotoni. Hivyo Waingereza, ambao ndio maadui katika filamu, walipochorwa na pembe kichwani, hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu.

Kisha simamisha filamu kwenye tukio la darasani. Wanyama wa kisiwa cha kusini, ambao ndio waliojenga uwanja wa ndege wa jeshi, wanafundishwa Kijapani. Darasa linavurugika mpaka unapoanza wimbo wa silabi, nao wote wanaitikia kwa furaha. Wimbo wenyewe unanasa, na wanangu walikuwa wakiuimba hata wakati wa kuosha vyombo. Niliwauliza: wanyama hawa walisemezana vipi kabla ya mwalimu kufika, na mbona hatuambiwi? Aliyesimuliwa na bibi yake habari za shule za mkoloni hahitaji maelezo marefu hapo.

Usikatishe kabla ya mwisho, maana ndipo watoto wa kijijini wanapocheza kuruka kutoka mtini na kutua juu ya ramani ya Marekani iliyochorwa ardhini. Filamu ilipotoka, mabomu ya moto yalikuwa yameiteketeza sehemu kubwa ya Tokyo mwezi uliotangulia, na watoto wengi wa mijini walikuwa wamehamishiwa mashambani, kwa hiyo waliokusudiwa hasa hawakuwapo sinemani. Osamu Tezuka, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri wa katuni, aliitazama filamu hiyo mjini Osaka akiwa na miaka 16 na akalia kwa uzuri wake. Habari hiyo mimi huwaambia wakubwa tu, kwa kuwa wadogo huuliza papo hapo kama basi filamu ni nzuri, nami huwajibu kwamba imechorwa vizuri mno, jibu ambalo hadi leo halijawaridhisha.