Daktari Anajibu: Uvimbe Mweupe Kwenye Ufizi wa Mtoto

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miezi saba. Tangu juzi anaharisha, ana homa, na kila anachoshika anakitafuna. Mama mkwe wangu alimkagua kinywani akaona uvimbe mweupe pande zote mbili za ufizi wa chini, akasema hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa tutampoteza mtoto. Kuna mzee hapa kijijini anayeyatoa, na mume wangu amekwisha kukubali. Nifanye nini?
Mama, Kilosa

JIBU: Marahaba, mama. Nakuomba usimpeleke mtoto kwa mzee huyo, bali leo hii umfikishe katika zahanati iliyo karibu, kwa sababu mtoto wa miezi saba anayeharisha huku ana homa anahitaji kuchunguzwa, pamoja na kupimwa malaria.

Mama mkwe wako hakukosea kuona. Mlaze mtoto mapajani mchana kwenye mwanga, kichwa kikielekea kwako, kisha ushushe mdomo wa chini kwa kidole ulichokiosha kwa sabuni. Pale pembeni utaona ufizi umetuna na kupauka. Chini yake lipo jino la chonge, ambalo lilianza kuumbika mtoto akiwa tumboni na ambalo kwa kawaida huchomoza mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa kuwa bado ni changa, likichokolewa hutoka jeupe na laini, na watu wakilitazama huamini kwamba wameona plastiki au nailoni, kumbe ni jino la mtoto mwenyewe.

Kazi hiyo hufanywa kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli, bila ganzi. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji hupoteza na damu, na kidonda huweza kuingiza pepopunda, virusi vya UKIMWI au vijidudu vinavyosambaa mwilini mwote. Mbegu ya chonge la kudumu, linalotarajiwa akiwa na miaka kama 10, iko jirani kabisa, hivyo nayo huweza kuharibika. Watoto wamekufa kwa jambo hili, Tanzania na Uganda pia.

Najua utaambiwa kwamba mtoto wa jirani alitolewa akapona. Kuharisha kwa kawaida hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja, kwa hiyo anayechokolewa siku ya nne na kupata nafuu siku ya sita angepata nafuu hata asingeguswa. Umri nao unachanganya watu: miezi sita hadi saba ndipo mtoto anapoanza uji, anapotambaa na kutia kinywani kila kilicho sakafuni, na kinga aliyoipata kwa mama inapungua. Meno huja wakati huohuo. Huweza kumletea udenda, fizi kuwasha na usumbufu, lakini hayamharishi wala hayampi homa kali.

Endelea kumnyonyesha mara nyingi zaidi. Koroga pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi, umpe kwa kijiko kidogokidogo kila anapoharisha, na zahanati itakupa vidonge vya zinki ambavyo kwa umri wake ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Usiache hata akiisha kupona. Macho yakididimia, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au ukiona damu kwenye choo, usingoje kuche.

Nenda na mama mkwe wako, na mume wako akiweza. Anahangaika kwa sababu anampenda mjukuu wake, na maneno ya mhudumu wa afya akiyasikia mwenyewe yatakuwa na uzito kuliko ukimpelekea wewe. Kwa fizi zinazowasha, zisugue taratibu kwa kidole safi au kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi. Usimpake asali, kwani ni hatari kabla ya mwaka mmoja, wala dawa za kutia ganzi za dukani.

SWALI: Binti yetu ana mwaka mmoja na miezi miwili, na hulala na chupa ya maziwa yenye sukari. Meno yake ya juu ya mbele yana mstari mweupe karibu na ufizi. Je, ni uchafu?
Baba, Tanga

JIBU: Jaribu kuufuta kwa kitambaa chenye maji. Usipotoka, huenda ukawa mwanzo wa kuoza, ambao huonekana kwanza kwenye meno ya juu kwa kuwa ya chini hukingwa na ulimi na mate. Acheni chupa ya usiku, na sukari kwenye maziwa iachwe kabisa. Mpigeni mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, na mzazi ndiye ashike mswaki. Mpelekeni kwa daktari wa meno wiki hii, kwa maana katika hatua hiyo ya weupe jino bado linaweza kuimarishwa kwa kupakwa floraidi. Likishageuka kahawia na kutoboka, litahitaji kuzibwa au kung'olewa.