Kabla ya kuendesha modeli, nenda masijala

Mdogo wangu unayemaliza hisabati, udaktari au afya ya jamii na unaulizia kazi yetu ya takwimu za afya, jambo la kwanza nitakalokuambia hutalikuta kwenye mtaala. Jifunze kuwatafuta watu ambao hawamo kwenye data. Nilianza na uchambuzi wa muda wa kuishi, baadaye nikaingia epidemiolojia ya vinasaba, yaani jinsi vinasaba vinavyohusiana na magonjwa katika jamii, na kote huko swali lililonifaa kuliko fomula yoyote ni hilohilo: nani amekosekana hapa, na kwa nini?

Nianze na muda wa kuishi. Tunamfuatilia mtu tangu siku fulani, tuseme siku aliyoanza dawa, hadi tukio fulani, mara nyingi kifo. Shida ni kwamba wengi hatuwaoni hadi mwisho. Utafiti unafungwa wakiwa hai, wengine wanahama, wengine wanaacha tu kuja. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ya kumhesabu mtu wa namna hiyo kwa kipindi tulichomwona, kisha kumtoa bila kudai kwamba amekufa wala kwamba yu hai.

Chukua wagonjwa 10. Mwezi wa kwanza anafariki mmoja, wanabaki 9. Mwezi wa pili wawili hawaonekani tena, wanabaki 7. Mwezi wa tatu anafariki mmoja kati ya hao 7. Hesabu ya Kaplan na Meier ni 9/10 mara 6/7, yaani asilimia 77 wamevuka miezi mitatu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja: wale wawili waliopotea wawe na hatari sawa na waliobaki. Ikiwa walipotea kwa sababu walifariki nyumbani, waliovuka ni 6 kati ya 10, asilimia 60. Kompyuta haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Itakuchorea mchoro mzuri vilevile.

Ndiyo maana nawasisitizia vijana waende kliniki kabla ya kuendesha modeli. Kuna kliniki moja ya CTC, yaani ya tiba na matunzo ya VVU, kando ya ziwa ambako nilikaa na nesi wa siku nyingi, tukifungua mafaili ya walioandikwa kwamba wamepotea. Kwenye data yangu wote walikuwa na alama moja. Yeye alikuwa akishika faili, anatazama jina, anasema bila kufikiri sana: "Huyu amehamia kambi ya wavuvi, anachukulia dawa kisiwani. Huyu alikutana na shemeji yake hapa kwenye benchi, hakurudi tena. Huyu, mwanangu, tulimzika." Mafaili matatu, hadithi tatu zisizofanana kabisa, na mimi kwenye programu nilikuwa nakaribia kuzichukulia kama kitu kimoja. Wa kwanza yu hai na anaendelea na tiba. Wa pili huenda ameacha dawa, na hatari yake inapanda kila mwezi. Wa tatu ni kifo ambacho hesabu yangu isingekijua.

Wenzetu wa ukanda huu walilifanyia kazi tatizo hili mapema. Mwaka 2008 zilichapishwa tafiti kutoka Mbarara, Uganda, na kutoka magharibi mwa Kenya, ambapo sampuli ya waliopotea kwenye tiba ya VVU ilifuatiliwa hadi vijijini, kisha majibu yao yakarudishwa kwenye hesabu kwa uzito ili yawakilishe na wale ambao hawakufuatwa. Makadirio ya vifo yalipanda sana. Kwangu hiyo ni takwimu ya hali ya juu, na sehemu yake kubwa ilifanywa na watu wa pikipiki na madaftari. Ukipata nafasi ya kushiriki kazi kama hiyo, hata kwa posho ndogo, ichukue.

Huko huko masijala utajifunza tabia za tarehe. Mimi nikipokea data mpya, kabla ya jambo lolote nachora idadi ya rekodi kwa kila siku ya mwezi, kuanzia tarehe 1 hadi 31. Mara nyingi tarehe 1 na tarehe 15 zinachomoza kama minara. Maana yake mgonjwa au ndugu alikumbuka mwezi tu, na karani akajaza siku. Kwa utafiti wa miaka kumi si neno. Kwa vifo vya wiki za mwanzo baada ya kuanza dawa, wiki mbili ni umbali mkubwa mno. Muulize karani ana utaratibu gani anapojaza. Muulize kwa heshima, maana yeye ndiye anayeijua data kuliko wewe, na watu wengi wenye shahada hupita mezani kwake bila hata kusalimia.

Jambo jingine ambalo madaktari watakuja kwako nalo: "Tuna wagonjwa 2,000, si wanatosha?" Katika uchambuzi wa muda wa kuishi nguvu ya utafiti inatokana na idadi ya matukio, wala si idadi ya watu. Ukilinganisha makundi mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, na unataka kugundua kwamba hatari ya kundi moja ni mara mbili ya jingine, kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo, na asilimia 5 ya kawaida ya kudanganyika kwamba ipo wakati haipo, unahitaji vifo takriban 66. Kama tofauti ni mara moja na nusu, vifo vinafika takriban 191. Watu 2,000 wenye vifo 30 hawatajibu swali hilo, hata ukiwabembeleza. Lisemwe kikao cha kwanza, kabla bajeti haijaandikwa. Mwanatakwimu anayeitwa mwishoni, data ikishakusanywa, hana alichobakiziwa zaidi ya kutoa taarifa ya msiba.

Modeli ya David Cox ya mwaka 1972, ya kulinganisha hatari kati ya makundi, utaifundishwa popote utakapokwenda, kwa hiyo siiongelei sana. Niseme tu kwamba inadai uwiano wa hatari kati ya makundi usibadilike kadiri muda unavyokwenda, na katika tiba ya VVU tofauti ya hatari kati ya makundi mara nyingi huwa kubwa miezi ya mwanzo kisha hupungua, hivyo dai hilo lina tabia ya kuvunjika. Lipime kila mara.

Sasa vinasaba. Wengi wanadhani ukishafika huku umeaga wagonjwa wanaopotea, maana kinasaba hakibadiliki tangu mtu azaliwe. Kinasaba hakibadiliki, lakini aliyekibeba anaweza asifike kwenye kituo chako cha utafiti.

Selimundu ndiyo mfano nisioacha kuutumia. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya kinasaba hicho hupata kinga dhidi ya malaria. Mwenye nakala mbili anaugua selimundu, na bila matibabu watoto wengi wa namna hiyo hufariki kabla ya miaka mitano. Chukua eneo ambalo nakala 1 kati ya 10 ni ya selimundu. Kati ya watoto wachanga, asilimia 1 watakuwa na nakala mbili, asilimia 18 nakala moja, na asilimia 81 hawana kabisa. Nenda ukaandikishe watu wazima 5,000 eneo hilohilo, na tuseme wenye nakala mbili wote walishafariki utotoni. Kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria wangapi watakuwa na nakala mbili, moja au sifuri kutokana na wingi wa nakala hizo, ukiitumia kwa watu wazima hao itakuambia utarajie kama 41 wenye nakala mbili. Utakuta sifuri.

Tazama kinachofuata. Katika usafi wa data za vinasaba kuna hatua ya kutupa alama zote, yaani sehemu za vinasaba zilizopimwa, zinazokwenda mbali na kanuni hiyo, kwa dhana kwamba maabara ilikosea kusoma. Mwanafunzi anaandika mstari mmoja wa amri kwenye PLINK, programu ya kuchambua data za vinasaba, na alama muhimu kuliko zote katika historia ya malaria Afrika inaweza kutupwa pamoja na takataka. Maabara haikukosea kitu. Ni watoto ambao hawakuishi kufikia umri wa kuandikishwa. Kila ninapofundisha hatua hii nawataka wanafunzi wafungue orodha ya zilizotupwa na kuisoma.

Kwa sababu hiyohiyo, ukifanya kazi na kohoti, yaani kundi linalofuatiliwa kwa muda mrefu, ya wagonjwa wa selimundu, kama ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2004, angalia umri wa kila mmoja siku alipoandikishwa. Aliyejiunga akiwa na miaka 12 aanze kuhesabiwa kutoka miaka 12. Ukimpa ile miaka 12 ya mwanzo kama muda wa ufuatiliaji, umeugeuza ugonjwa mkali uonekane mpole, kwa kuwa wenzake waliofariki wakiwa na miaka 3 hawakupata nafasi ya kuja.

Kuna na undugu. Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, jamii nzima ya vijiji imekuwa ikifuatiliwa tangu mwaka 1989, na mwaka 2019 vilichapishwa vinasaba vya watu takriban 6,400 kutoka huko. Katika vijiji hivyo mjomba, binamu na shangazi wote wako kwenye data. Ukiwachukulia kama watu wasiohusiana, matokeo yako yataonekana na uhakika ambao hayana, kwa hiyo unahitaji modeli mseto, yaani zile zinazobeba undugu huo ndani yake. Halafu usidanganyike kwamba sampuli za Waluhya wa Webuye, Kenya, zinazotumika duniani kote kupitia 1000 Genomes, mradi wa kimataifa wa kusoma vinasaba vya watu wa mataifa mbalimbali, zinatosha kumwakilisha kila mtu wa Afrika Mashariki. Ukichambua Wasukuma au Wapokomo, waandikishe Wasukuma au Wapokomo.

Kuhusu masomo: usikimbie nadharia ya uwezekano. Programu ya R utaijua kwa mazoezi, na maelezo ya kifurushi cha survival alichoandika Terry Therneau wa Mayo Clinic ni darasa tosha, yasome yote. Lakini bila kujua likelihudi, kipimo cha jinsi modeli inavyoelezea data uliyo nayo, inajengwaje, siku data itakapokuja na umbo lisilo la kawaida utakwama. Kwa shahada ya uzamili iliyo karibu nasi, mtandao wa SSACAB ulianza mwaka 2015 chini ya Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, kwa ajili ya kufundisha wanatakwimu wa afya Afrika. Chagua ugonjwa mmoja ukae nao miaka. Mtu anayeruka kutoka saratani hadi kifua kikuu hadi kisukari kila mradi mpya hajui kamwe nini ni cha ajabu kwenye data na nini ni cha kawaida.

Na kabla hujakubali mradi wa uzamivu, ndani au ng'ambo, mwandikie msimamizi maswali haya na usubiri majibu kwa maandishi: data itakaa wapi, nani anaruhusu kuitumia baada ya wewe kumaliza, jina lako litakaa wapi kwenye makala ya kwanza, na je, kuna nauli ya kwenda kwenye kliniki zilikotoka data. Nimeona vijana wenye uwezo mkubwa wakichambua miaka mitatu kisha wanakuta wao ni wa saba kwenye orodha ya waandishi. Swali la nauli ndilo wengi huona aibu kuuliza. Liulize la kwanza. Msimamizi anayeelewa kazi hii atakujibu siku hiyohiyo, na yaelekea atataka mwende wote.