Video za takwimu: simamisha kabla hajakokotoa

Mdogo wangu, unauliza kwa nini unaangalia video za takwimu usiku kucha, unaelewa kila kitu, halafu kwenye testi unakwama. Ni kwa sababu anayekokotoa ni yule wa kwenye video, wewe unamfuata tu. Swali likitokea, simamisha, shika kalamu, lifanye hadi mwisho. Ndipo umwache aendelee, mlinganishe hatua. Ukikwama, rudisha kipande hicho tu. Bando ni hela.

Halafu kuna hili linalowaangusha wengi: mwalimu wa video na mhadhiri wako huenda hawatumii kanuni ileile. Chukua namba 2, 4 na 6. Wastani ni 4. Tofauti za kila namba na wastani huo ukizipiga mraba na kuzijumlisha unapata 8. Mmoja atagawa kwa 3, apate variansi (kipimo cha namba zilivyotawanyika) ya 2.67, kwa kuwa anazichukulia kama kundi zima. Mwingine atagawa kwa 2, apate 4, kwa kuwa kwake hizo ni sampuli, yaani sehemu tu ya kundi. Wote wako sahihi, ila mtihani anatunga mhadhiri wako. Kwa hiyo anza na notsi za darasani, video ifuate, na lekcha usikose. Majibu yakipishana na huoni sababu, mfuate mhadhiri ofisini na daftari lako.